Kuvunja, Kusahau, Kujenga Upya: Mbinu ya Franklin ya Kujifunza Kuandika

Benjamin Franklin alikaa shuleni miaka miwili tu. Alizaliwa Boston mwaka 1706, akatolewa shule akiwa na miaka 10 ili amsaidie baba yake kutengeneza mishumaa na sabuni, na alipofika 12 akawekwa mwanagenzi katika matbaa ya kaka yake, James. Alipokuwa na miaka 16 tayari aliandika Kiingereza cha kuchapwa gazetini. Katikati hapo hakuwa na mwalimu wa uandishi. Alichokuwa nacho ni juzuu moja ya The Spectator, jarida la London la akina Addison na Steele, tena juzuu ya tatu peke yake, pamoja na zoezi alilojibunia.

Zoezi hilo alilieleza katika tawasifu aliyoanza kuiandika mwaka 1771. Ndani yake mna dondoo la fasihi, fumbo na kazi ya kuandika, vitu ambavyo darasani kwa kawaida hufundishwa kila kimoja na kipindi chake. Yeye alivifunga pamoja.

Chanzo kilikuwa maneno ya baba. Franklin alikuwa akibishana kwa barua na rafiki yake John Collins kuhusu wasichana kupewa elimu, na baba akaziona zile barua. Akamwambia kijana kwamba katika tahajia na vituo alikuwa mbele ya mwenzake, jambo alilolipata matbaani, lakini alikuwa nyuma katika umaridadi wa lugha, mpangilio na uwazi. Hakuishia hapo, akamwonyesha mifano. Ukiziangalia hatua alizozifuata Franklin baadaye, utaona kila moja inatibu sehemu ya lawama ile.

Hatua ya kwanza ni kuvunja. Alichukua makala, akaandika kidokezo kifupi cha wazo la kila sentensi, akaviweka kando siku chache. Kisha, kitabu kikiwa kimefungwa, alijaribu kuijenga upya makala nzima kutokana na vidokezo, kwa maneno yoyote yanayofaa yatakayomjia. Mwisho aliweka yake na ya awali pamoja, akatafuta makosa na kuyarekebisha.

Tuone kwa mfano. Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa kazi hii tu: "The widow counted her coins twice, for she had noticed that darkness made honest men forgetful." Vidokezo vyake vinaweza kuwa: mjane, sarafu, mara mbili, giza na watu. Siku nne baadaye mwanafunzi mwenye bidii ataandika: "The widow counted her money two times because people can steal at night." Sarufi safi, na habari yenyewe imefika. Mwalimu atatia tiki na kuendelea na daftari linalofuata.

Sasa ziweke sambamba. Sarafu zinazoshikika mkononi zimegeuka kuwa fedha tu. Lile neno "noticed", linalotuambia kwamba mjane huyu ana macho na amewahi kuibiwa, limetoweka. Na kubwa kuliko yote, mwandishi wa kwanza hakumwita mtu mwizi. Alisema giza huwasahaulisha waaminifu, akamwachia msomaji acheke. Mwanafunzi amelitamka lile ambalo mwenzake alilificha makusudi. Kalamu nyekundu isingegusa chochote hapo, kwa kuwa hakuna kosa la sarufi. Ulinganishaji ndio unaolifichua, na unalifichua kwa mwandishi mwenyewe, akiwa peke yake usiku.

Kwa maoni yangu, uzito wote wa mbinu uko kwenye zile siku chache. Ukijenga upya dakika kumi baada ya kusoma, unanakili kutoka kichwani badala ya kitabuni. Ukiacha maneno ya mwandishi yafifie huku wazo lake likibaki, unalazimika kutafuta maneno yako, na hapo ndipo unapogundua huna ya kutosha. Mazoezi mengi ya ufahamu katika vitabu vyetu yanakosa jambo hili: kifungu kiko juu ya ukurasa, maswali yako chini, na jibu linachukuliwa kwa jicho tu.

Franklin naye aligundua hana maneno ya kutosha, na dawa aliyoitumia ni ushairi. Alizigeuza baadhi ya hadithi kuwa beti, na baada ya muda, nathari ya awali ikiwa imemtoka kichwani, alizirudisha kuwa nathari. Anayejua utunzi wa shairi letu haelezwi zaidi. Mizani ikigoma kwenye nane, au kina kikikataa, neno la kwanza lililokuja halifai. Unatafuta la pili, la tatu, na yote hayo yanabaki kwako hata usipoyatumia. Wengi wanaoinukuu mbinu hii huiruka hatua hii, nadhani kwa sababu ina kazi.

Kisha fumbo. Mara nyingine alivichanganya vidokezo ovyo, akaviacha kwa majuma kadhaa, halafu akajaribu kuvipanga katika utaratibu bora kabla ya kuandika hata sentensi moja. Maswali ya kupanga sentensi zilizovurugwa tunayo pia katika mitihani, lakini fumbo lake ni gumu zaidi. Sentensi kamili hujisaliti: yenye "however" haianzi, yenye "he" lazima itanguliwe na jina. Vidokezo vitupu havina msaada huo. Inabidi ujiulize hoja gani inaitegemea ipi.

Muda wa yote haya ulikuwa usiku baada ya kazi, alfajiri kabla yake, na Jumapili, ambapo alikwepa kanisa kila alipoweza. Nidhamu peke yake isingemfikisha mbali. Anakiri kwamba wakati mwingine, katika mambo madogo, alijipa raha ya kudhani ameiboresha lugha au mpangilio wa makala ya awali. Kijana wa matbaa anashindana na Addison, na mara mojamoja anajiona mshindi! Utamu wa zoezi uko hapo.

Matokeo yalionekana mwaka 1722. Aliandika barua 14 kwa jina la mjane wa kubuni, Silence Dogood, na ya kwanza akaipenyeza usiku chini ya mlango wa matbaa ya kaka yake. James na marafiki zake waliisoma mbele yake, wakaisifu, na katika kubahatisha mwandishi ni nani wakataja watu wenye sifa ya elimu tu.

Kuna tahadhari kwa sisi tunaoyajaribu haya kwa Kiingereza kisicho lugha ya mama. Franklin alikizungumza tangu utotoni. Vidokezo vya Kiingereza vitamvuta mwanafunzi wetu kwenye maneno yaleyale ya kifungu. Ningependelea avitoe kwa Kiswahili. Hapo zoezi linasogea karibu na lile la Roger Ascham, mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1570 alipendekeza kutafsiri kutoka Kilatini kwenda Kiingereza, kisha kurudi Kilatini na kulinganisha. Na dondoo liwe la mazingira yanayojulikana. Aya ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, inafaa: safari za biashara kutoka pwani kwenda bara hazihitaji kuelezwa kwa msomaji wa huku, hivyo akili yote inabaki kwenye lugha.

Kuna udhaifu usiokwepeka: mbinu hii haifundishi kusikiliza wala kuzungumza, na dondoo baya litakuzoesha ubaya. Kwa kuandika, sijaona zoezi la bei nafuu linaloizidi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 hawezi kusahihisha insha 80 kila juma. Anaweza kuchagua aya moja nzuri Jumatatu, akakusanya vitabu, na kuvirudisha Ijumaa wanafunzi wakishamaliza kuijenga upya.