Sauti Kabla ya Mvua

Kakamega, anayetaka sauti ya mzee huifuata asubuhi. Mvua ya huku hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka alasiri. Ikishaanza kupiga mabati, hakuna simu wala kipaza sauti kitakachomsikia msimulizi tena. Ndiyo maana fundi wa hadithi za mtaa hujulikana kwanza kwa saa anayobisha hodi: ng'ombe wameshakamwa, watoto wako shuleni, na mawingu hayajaanza kujikusanya upande wa msitu.

Hadithi za kidijitali anazozitengeneza fundi huyu, kwa umbo tunalolijua sasa, zina umri mdogo. Mwaka 1994 huko San Francisco, Joe Lambert, Dana Atchley na wenzao walianza kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza filamu za dakika chache: sauti ya msimulizi mwenyewe, picha zake, na jambo moja analotaka lijulikane. Siku hizo ilihitajika kompyuta ya bei. Leo simu ya mfukoni inatosha. Lakini Buluyia, nchi hii ya Abaluyia, ilikuwa na masikio yaliyofunzwa zamani. Mwanahistoria Gideon Were alikusanya masimulizi ya wazee wa Magharibi mwa Kenya, na mwaka 1967 akatoa historia ya Abaluyia. Ninachomsifia zaidi ni kwamba mwaka uo huo alichapisha pia masimulizi yenyewe, katika kitabu tofauti, ili msomaji aone wazee walisema nini na yeye aliandika nini. Kwangu mimi, fundi wa leo hupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Kazi ya kufanya si haba. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega, na wazungu wakafurika na mahema yao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewahakikishia wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi zao haitachukuliwa bila wao kushauriwa na kupewa nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha ili wachimbaji wapate njia. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na jina lake likabaki kuwa la mtaa. Priscilla Shilaro amelichambua sakata hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, na barua za maofisa zimo kwenye nyaraka za serikali. Zisichokuwa nacho barua hizo ni habari za nyumbani: nani alihamishiwa kaburi la babake, nani alipika wapi, shilingi ya kwanza ya mshahara ilinunua nini. Aliyekuwa na miaka kumi mgodi ulipofungwa sasa amepita themanini.

Kwa hiyo mtazame fundi anavyoketi. Haanzi na simu. Anaanza na salamu ya mulembe, anauliza hali ya watu na mifugo, anakunywa chai anayopewa, na huenda siku hiyo akaondoka bila kurekodi neno. Akirudi, huiweka simu juu ya leso iliyokunjwa ili meza isitoe mtetemo, anazima mtandao wa simu ili asipigiwe, na anarekodi dakika nzima ya chumba kikiwa kimya. Dakika hiyo ina jogoo wa mbali na upepo kwenye migomba. Baadaye ataitandaza chini ya maneno ili mikato isisikike.

Maswali yake ni mafupi. Hamuulizi bibi, "Ilikuwa mwaka gani?" Atamuuliza, "Kukhu, ulikuwa umeshaolewa?" au, akimtaja babu, "Kuka alikuwa amerudi kutoka vita vya Hitler?" Maisha ya mtu yana kalenda yake, na tarehe za vitabu zitatafutwa baadaye. Kisha linakuja swali ambalo kwangu ndilo roho ya ufundi huu: "Hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa? Uliambiwa na nani?" Siku hizi karibu kila habari ya mwaka 1931 imepitia kinywa cha pili au cha tatu. Asiyeuliza swali hilo atachanganya ushahidi na fununu, na wajukuu hawatakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Kisha huvumilia kimya. Mzee akinyamaza, mgeni asiyejua hurukia swali jingine. Fundi hutazama chini na kungoja. Mara nyingi ndipo mzee anapotoka kwenye Kiswahili cha kumheshimu mgeni na kuingia Lwisukha au Lwidakho, lugha za nyumbani, na hapo hakatizwi. Tafsiri itaandikwa chini ya picha.

Ngoma zina adabu yake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, haisogelewi na simu. Ukisimama karibu na ngoma, sauti hupasuka na waimbaji humezwa. Fundi hurudi nyuma hatua nyingi, atafute mahali ambapo anayeimbisha, wanaoitikia na pembe wanasikika wote.

Uhariri huchukua muda mrefu kuliko mazungumzo. Saa mbili zinakuwa dakika tatu, na kila kukata ni uamuzi. Msimulizi akikitaja kipande, kitambulisho cha kikoloni alichovaa babake shingoni, picha ya kipande haihitajiki sekunde hiyo. Labda uonekane mkono wake unaoigiza kamba ilivyoning'inia. Pumzi kabla ya neno zito huachwa. Muziki wa kulazimisha machozi hutupwa.

Filamu ikikamilika, wa kwanza kuiona ni mwenyewe, nyumbani kwake, kabla haijafika kundi lolote la WhatsApp. Anaweza kusema sehemu ya mpaka wa shamba itolewe, au ingoje hadi azikwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi, lakini fundi angemtii hata bila sheria, kwa sababu kesho atabisha mlango wa jirani.

Mwisho, hufanya lile alilolifanya Were. Saa mbili zile hazifutwi. Huhifadhiwa nakala tatu, kila faili na jina, mahali, tarehe na aliyeuliza. Ukoo mwingine ukisikia zile dakika tatu na kusema, "Hapana, shimo lile lilichimbwa kwetu," utapewa mazungumzo yote usikilize kilichoachwa, kisha mzee wao naye aketi mbele ya simu. Historia ya mji hujengwa na mabishano kama hayo, na fundi aliyeyawezesha hana haja ya kuyashinda.