Kipepeo Aliyesubiri Rangi

Mto Foyle unaukata mji wa Derry, Ireland Kaskazini, vipande viwili. Ng'ambo ya mashariki ndiko waliko Waprotestanti wengi wa mji huo, watiifu kwa Uingereza. Magharibi wamejaa Wakatoliki, wengi wao wakitaka Ireland iwe nchi moja. Lakini mpaka hauishii mtoni. Magharibi huko huko, kando ya kuta za mawe za karne ya 17, kimebaki kitongoji kidogo cha Waprotestanti kiitwacho Fountain. Upande wa pili wa kuta hizo, bondeni, ni Bogside.

Bogside ndiko walikofanya kazi ndugu wawili, Tom na William Kelly, pamoja na mwenzao Kevin Hasson. Kuanzia 1994 walichora ukuta baada ya ukuta katika barabara ya Rossville, kwa michango ya wakazi wenyewe, hadi michoro ikafika 12.

Fikiria ugumu wake. Mchoraji aliye juu ya jukwaa yu karibu mno na ukuta kiasi kwamba haioni picha anayoichora. Jicho la mtu lililo mbele yake ni pana kama sinia. Akikosea pembe yake kidogo tu, mpita njia ataona uso wa mtu mwingine. Basi hushuka, huvuka barabara, hutazama, kisha hupanda tena. Na mvua za Derry hazina msimu wa kuaminika. Wakazi nao ndio wakaguzi, kwa kuwa nyuso nyingi zinazochorwa ni za ndugu na majirani zao.

Mchoro wa 1997 unahusu Jumapili ya Damu, 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji papo hapo Bogside na kuwaua 13; wa 14 alifariki baadaye. Anaonekana padri Edward Daly, ameinama na kitambaa cheupe mkononi, akiwaongoza wanaume waliombeba kijana Jackie Duddy. Karibu kila kitu ni cheusi, cheupe na kijivu, kama picha za magazeti ya siku ile. Nyekundu ni ya damu tu. Kwangu mimi huo ndio ufundi wa juu: kuwa na makopo ya rangi zote miguuni, na kuyaacha yamefungwa.

Hata hivyo, kazi ninayoistahi kuliko zote ni ile ya msichana mwenye sare ya shule. Annette McGavigan alikuwa na miaka 14 alipouawa kwa risasi Septemba 1971. Wachoraji walimsimamisha mbele ya vifusi mwaka 1999, anatutazama moja kwa moja. Pembeni yake waliweka bunduki iliyoelekeza mdomo chini. Juu yake walichora kipepeo, mistari mitupu isiyo na rangi ndani. Wakaishia hapo. Mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini ulikuwa umetiwa saini Aprili 1998, na pengine fundi mwingine angekimbilia kupamba. Hawa waliamua kungoja mpaka waone amani imeshika. Mwaka 2006 walirudi, wakaichora bunduki ikiwa imevunjika, wakamjaza kipepeo rangi. Miaka yote ile kila aliyepita aliona wazi kwamba kazi haijaisha, na kwamba wachoraji wanajua hivyo. Kukubali kazi yako ionekane pungufu hadharani, mbele ya ndugu wa marehemu, kunahitaji mkono mtulivu na heshima kubwa.

Uvumilivu huo haukuwa wa upande mmoja. Kule Fountain, katika miaka ya 1920, Bobby Jackson alimchora Mfalme William, shujaa wa Waprotestanti aliyeshinda vita vya mto Boyne mwaka 1690. Mvua hula rangi, kwa hiyo Jackson aliurudia mchoro wake mwaka hadi mwaka, farasi yule yule, mfalme yule yule. Siasa za mchoro wake zinapingana na za Bogside kabisa, lakini mchoraji yeyote wa Bogside angeielewa kazi hiyo ya kurudia. Nyumba za kitongoji zilipobomolewa miaka ya 1970 ili kijengwe upya, watu wa Fountain walikubali ziondoke. Ukuta wa Jackson uliokolewa.