Gazeti la Karatasi na Gazeti la Simu: Uhakiki wa Msomaji Aliyehama

Kwa muda wa miaka kumi na mmoja nilikuwa msomaji wa Taifa Leo la karatasi hapa Osukuru. Halikuwa gazeti lililofika kwa urahisi. Lilitoka Nairobi, likafika Malaba ya upande wa Kenya, na huko muuza magazeti mmoja niliyepatana naye aliniwekea nakala yangu chini ya meza, nami nikamlipa kwa jumla kila mwisho wa mwezi. Kijana wa bodaboda alilivusha mpaka pamoja na mizigo ya watu wengine, na mara nyingi lilinifikia alasiri likiwa limeshika harufu ya samaki. (Wasomaji wa pande hizi hawahitaji kuambiwa kwamba neno bodaboda lenyewe ni mzaliwa wa mipaka hii yetu.) Mwishoni mwa mwaka 2023 nililipa deni langu la mwisho, nikamwomba yule muuzaji asiniwekee tena. Sababu zangu zilikuwa mbili, na zote ni za kawaida: shilingi ya Kenya ilikuwa ghali mfukoni mwa mwalimu wa Uganda, na kila gazeti liliponifikia walimu wenzangu walikwisha kuzisoma habari zake katika simu. Nilikuwa nikinunua habari za jana kwa bei ya leo.

Si nia ya makala haya kuililia karatasi. Nia yangu ni kuhakiki, yaani kuuliza Kiswahili cha habari kinapohama kutoka karatasini na kuingia katika simu kinapata nini na kinapotewa na nini, hasa machoni pa mwanafunzi wa upande huu wa mpaka. Swali hili si dogo kwetu. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini Waganda wana Bukedde tangu mwaka 1994, Wateso wana Etop, na sisi walimu wa Kiswahili gazeti letu hulitafuta ng'ambo. Mtoto wa Osukuru husema Kiteso nyumbani, husoma Kiingereza darasani, na Kiswahili hukisikia sokoni na kwa madereva wa malori yanayongoja kuvuka Malaba. Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima, kikazungumza mambo ya dunia kwa adabu na kwa mpango, alikuwa akikiona mahali pamoja tu: katika gazeti.

Nianze na faida, nisije nikaonekana mkaidi. Msomaji wa gazeti moja hujifunza Kiswahili cha nchi moja. Katika simu nasoma Mwananchi na HabariLeo za Tanzania asubuhi ileile zinapotoka, na jioni nasoma Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo baba zetu waliisikiliza tangu mwaka 1957 bila kuwahi kuiona kwa macho. Hapo ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa nimezoea Kiswahili cha upande mmoja. Mwandishi wa Nairobi huandika afisi, rununu na tarakilishi. Mwenzake wa Dar es Salaam huandika ofisi, simu ya mkononi na kompyuta. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba tarakilishi ndilo neno fasaha na kompyuta ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Leo siwezi kusema hivyo tena. Deni hilo nalikiri kwa simu.

Tuje sasa kwenye vichwa vya habari. Kichwa cha gazeti la karatasi hubanwa na upana wa safu, na kubanwa huko kulizaa sarufi yake: wakati wa -a-, kama vile walimu wadai, mto wafurika, waziri aonya. Wanafunzi wetu hawaijui njeo hii, kwa sababu katika mazungumzo ya huku kila kitu ni -na-. Nilikuwa nikiifundisha kwa ukurasa wa kwanza wa Taifa Leo, na somo lilikwisha kwa dakika kumi. Kichwa cha namna hiyo kingalipo katika simu, lakini kimepata mshindani, nacho ni kile cha aina ya "Hii ndiyo sababu ya…" au "Fahamu mambo matano…". Kisarufi hakina kosa. Kasoro yake ni ya adabu ya habari: kinamwita msomaji na hakimwambii kitu. Kichwa cha zamani kilikuwa muhtasari, na mtu aliyepita mbele ya meza ya muuza magazeti bila senti mfukoni aliondoka na habari. Hiki kipya ni mlango uliofungwa, na anayetaka kuufungua hulipa kwa bando lake. Nchini Uganda bando hilo lina kodi juu yake. Kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 ushuru wa asilimia 12 umewekwa juu ya intaneti yenyewe. Kwa hiyo wanaosema kwamba habari za simu ni za bure wana hesabu yao wenyewe.

Lakini jambo linalonichoma zaidi ni mashairi. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa nyumba ya washairi tangu zamani. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha tungo zake katika Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na Taifa Leo lililozaliwa mwaka 1960 liliendeleza desturi hiyo. Tazama sasa ubeti wa tarbia ulivyo. Una mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi na sita iliyokatwa katikati: ukwapi mizani nane, utao mizani nane. Katika karatasi vina vya kati husimama wima kama nguzo za baraza, na vina vya mwisho husimama upande wa pili vikitazamana navyo. Mtoto asiyejua hata neno moja la istilahi huweza kuweka kidole juu ya kina cha kwanza akashuka nacho mpaka chini. Mimi nilifundisha vina kwa kidole miaka yote hiyo, kabla ya kutaja ukwapi wala utao.

Ubeti uleule ukitiwa katika simu, kioo chembamba hakiupokei. Mshororo hukatika panapoishia nafasi, si panapoishia kipande. Maneno mawili ya utao hubaki juu na mengine huangukia mstari wa chini, na ubeti wa mishororo minne huonekana kama una saba au minane. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu niliyemwonyesha shairi la namna hiyo aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni shairi huru. Sikuweza kumlaumu, kwani alihukumu alichokiona. Ukiilaza simu ubavu mambo hutengemaa kidogo, lakini herufi hupungua hata mtu wa umri wangu akatafuta miwani. Shairi la arudhi lilipata umbo lake la kuonekana kutokana na upana wa ukurasa, nasi tulifundisha umbo hilo pasipo kujua kwamba tulikuwa tukiegemea karatasi.

Kuna na suala la makosa. Gazeti la karatasi likikosea, kosa hubaki milele, na mwalimu hodari hulitumia. Nilikuwa na mchezo wa Ijumaa: kila kundi lilipewa ukurasa mmoja litafute makosa ya ngeli na ya tahajia, na waliopata mengi walipigiwa makofi. Katika simu kosa la asubuhi husahihishwa adhuhuri bila taarifa. Ni vizuri kwa gazeti, na nisingependa liache. Lakini mwanafunzi haoni tena kwamba hata waandishi wa mjini hukosea kisha wakajisahihisha.

Isitoshe, cha simu huweza kuzimwa. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Uganda nzima, nayo ikarudi baada ya siku tano hivi. Tulirudia redio kama wazee wetu. Na tarehe 2 Oktoba 2024, nikiwa nimekwisha kuhamia katika simu, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi. Gazeti la karatasi la kampuni hiyo liliendelea kuuzwa mitaani. Mimi, msomaji wa kisasa, nilikuwa gizani, na mnunuzi wa Mwanza mwenye nakala yake kwapani hakupungukiwa na kitu.

Sijarudi kwenye karatasi, na sidhani nitarudi, kwa maana mshahara ni uleule na Malaba iko palepale. Ninachofanya ni nusu ya dawa. Kila Jumapili huchagua ubeti au habari moja katika simu, nikainakili kwa kalamu nene juu ya karatasi ya manila, kila kipande mahali pake, nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo ukuta huo ndio gazeti lao. Kurasa za zamani bado ziko chini yake, pamoja na vipande nilivyokata vya safu ya marehemu Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, aliyefariki Aprili 2020. Zimekuwa njano, na mchwa wameanza kuzionja pembeni.

Basi walimu wenzangu wa Busia na Malaba, pande zote mbili, mnaoendelea kununua gazeti la karatasi: msiwape wauza mandazi nakala zenu mkisha kuzisoma. Zifungeni kwa kamba mziache kwa katibu wa tawi. Nitazifuata mwenyewe, hata zikiwa za mwaka juzi.