Kipanya kilichokatwa mkia: hesabu ya meza moja Baraka

Katika vibanda vya kuandika barua na kutoa fotokopi mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kazi inayopima kipanya si barua. Barua ni ya vidole. Kipanya hulala pembeni. Kipimo chake ni picha za kadi. Shule inaleta wanafunzi mia, na kila uso unatakiwa ukatwe kwa kipimo kimoja, uburutwe hadi mahali pake kwenye ukurasa, kisha uandikiwe jina. Tuseme picha moja inadai mibonyezo kumi. Picha mia ni mibonyezo elfu. Tuichukue kazi hiyo tuone kipanya kisicho na waya kinaifanyaje, kinakwama wapi, na kama kinastahili franga zinazotolewa.

Swali la kwanza: kwa nini kisitumike kibao cha kugusa cha laptopu yenyewe, ambacho hakinunuliwi wala hakihitaji betri? Kinatosha, mpaka chaja ichomekwe kwenye jenereta. Kibao hicho hutambua kidole kwa mabadiliko madogo ya chaji ya umeme juu ya uso wake. Chaja ya bei nafuu, hasa pasipo na waya wa ardhini, hupitisha umeme mchafu hadi kwenye laptopu, na kibao kinashindwa kuutenga na kidole. Kishale kinarukaruka, na picha ya mtoto inakatwa shingoni. Ukichomoa chaja, kinatulia. Kipanya hakisomi chaji ya kidole, kwa hiyo fujo hiyo haikigusi. Kwa anayefanya kazi jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, hiyo pekee ni sababu ya kuwa nacho.

Swali la pili ndilo gumu: chenye waya au kisicho nao? Kipanya cha kwanza, kisanduku cha mbao kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa na waya, na inasemekana waya huo ndio uliokipa jina, kwa kufanana na mkia. Waliosoma Kifaransa wanakiita souris, ambaye naye ni panya. Mwaka 1991 kampuni ya Logitech, iliyoanzishwa Uswisi, ilitoa kipanya kinachotumia mawimbi ya redio. Mkia ukakatwa, jina likabaki.

Jicho na meza

Chini ya kipanya kuna taa na kamera ndogo. Kamera hiyo hupiga picha zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua mkono umesogea upande gani na kwa kiasi gani. Haihitaji picha nzuri; inahitaji vikwaruzo, nyuzi na madoa. Ndiyo maana kioo kinaishinda, na kitambaa cha plastiki kinachong'aa, kile kinachotandikwa juu ya meza ili iwe safi, huifanya ikosee njia. Mtu hulaumu redio au betri, kumbe ni meza. Dawa yake ni kipande cha katoni ya karatasi za fotokopi kilichokatwa sawasawa. Miezi ya kiangazi, vumbi linapoingia hadi ndani ya droo, futa tundu la jicho hilo kwa pamba kavu kila asubuhi. Hadi hapa kipanya chenye waya na kisicho na waya ni sawa, kwa kuwa jicho ni lile lile.

Redio

Tofauti inaanza kwenye kusafirisha habari. Kipanya hurusha ujumbe kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na kipokezi, kile kidude cha USB kidogo kama ukucha, huudaka. Kwa vipanya vya kawaida ujumbe huenda kama mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Jicho la binadamu halioni kuchelewa huko. Umbali wa mita kadhaa hausumbui, na kwenye meza ya kibanda hakuna anayehitaji hata mita mbili.

Shida ya redio hutokea mahali pasipotarajiwa. Masafa hayo hayo hutumiwa na Wi-Fi na Bluetooth, lakini mharibifu mkubwa anaweza kuwa kwenye laptopu yenyewe. Mwaka 2012 Intel ilieleza kwa vipimo kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kwa hiyo ukichomeka diski ya nje kwenye tundu la USB lenye ulimi wa buluu, na kipokezi kikiwa tundu la jirani, kishale kinaanza kukatakata njia wakati diski inanakili. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwa waya mfupi wa kurefusha. Tatizo linaisha bila kununua kitu.

Betri

Hapa ndipo kipanya kisicho na waya kinaposhinda au kushindwa Baraka. Wengi hudhani kinaokoa umeme wa sola. Hakiokoi kitu cha kuonekana: kipanya chenye waya hula sehemu ya wati moja tu, wakati laptopu inaweza kula wati 40. Kilichobadilika ni mahali umeme unaponunuliwa. Zamani ulitoka kwenye laptopu. Sasa unatoka sokoni, kwenye betri ambazo wazee wanaziita mawe ya redio.

Na mawe hayo si ya aina moja. Betri ya kawaida ya kipanya huandikwa R6, LR6 au HR6, kwa herufi ndogo ubavuni. R6 ni ya kaboni na zinki, ile ya bei ya chini inayowekwa kwenye tochi. LR6 ni ya alkali. HR6 ni ya kuchajiwa. Zote zina umbo moja na zote zinaingia, ndipo mtu anapodanganyika.

Tupige hesabu. Tuseme kipanya kinanyonya miliampea 5 kikiwa kazini, na kinatembea saa 6 kwa siku. LR6 yenye miliampea-saa 2,000 itakipa saa 400, yaani siku 66 za kazi. R6 ikifika nusu ya uwezo huo ni siku 33, na nyingi hazifiki. Basi R6 ni rahisi kwa kweli pale tu bei yake inapokuwa chini ya nusu ya bei ya LR6. Aliye na sola na chaja ndogo afikirie HR6: volti zake ni 1.2 badala ya 1.5, lakini vipanya vingi huzikubali, na jua la Tanganyika halitozi.

Kuna hatari nyingine. Betri iliyokwisha ikiachwa ndani huvuja na kula vyuma vya kugusia. Eneo letu hili la Fizi limezoea ofisi kufungwa ghafla, kwa wiki au kwa miezi, watu wanapolazimika kuhama. Kitufe cha kuzima hakizuii kuvuja, chomoa betri. Ukikuta unga mweupe wa betri ya alkali, usiushike kwa vidole vitupu: lowesha pamba kwa maji kidogo ya ndimu, sugua, kausha kabisa, kisha ujaribu tena.

Kipokezi

Waya ukikatika, fundi wa redio sokoni anauunga kwa risasi kwa muda mfupi. Kipokezi kikipotea hakuna wa kukiunga. Vipanya vya bei nafuu huoanishwa na kipokezi chao kiwandani, na cha kipanya kingine hakikubali. Cha kununua upya kitapanda gari Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 au kitakuja kwa boti ziwani, na kwa aliye Fizi mjini kitapanda tena milima. Kwa hiyo kipokezi kina mahali pawili tu: kwenye laptopu, au ndani ya tumbo la kipanya, kwenye kijumba chake karibu na betri. Mfukoni si mahali pake.

Hukumu

Kwa kibanda ambacho kompyuta haiondoki mezani, kipanya chenye waya kinatosha: hakina betri ya kununua na kinatengenezeka. Kwa anayebeba laptopu kutoka Baraka kwenda Fizi, anayefanya kazi juu ya kiti, gunia au mapaja, waya unaokunjwa kila siku utakatika tu, na kisicho na waya kinastahili. Kabla ya kulipa, fungua tumbo lake uone mambo mawili: kijumba cha kipokezi kipo, na betri iliyomo imeandikwa LR6. Ikiwa ni R6, omba upunguziwe bei, kwa sababu betri ya pili utainunua mapema.