Utingo wa Anga

Karatasi ni ya daftari la hesabu, lenye miraba. Penseli imechongwa kwa wembe, si kwa kichongeo, kwa hiyo ncha yake ni ndefu na hudumu. Kifutio kimekatwa vipande viwili ili ukingo mmoja ubaki mkali wa kufutia neno moja bila kugusa jirani yake. Mwenye vitu hivi ni karani wa uwakala wa forodha hapa Rusumo. Mchana anahangaika na nyaraka za malori yanayovuka Kagera kwenda Rwanda; jioni anaongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Wachezaji hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, naye kiongozi husimulia ulimwengu wanamotembea. Penye mashaka, dadu ya pande 20 huamua.

Mchezaji mmoja ameomba mhusika mpya: mpelelezi wa anga za juu. Kazi ya karani ni kumtengenezea asili, yaani maisha aliyoishi kabla hadithi haijaanza. Njia ya mkato ipo. Toleo la mwaka 2022 la Spelljammer, linalohusu merikebu zinazosafiri kati ya nyota, lina asili mbili zilizokwisha kuandikwa. Analijua, wala halifungui. Anataka kwanza kujua mikono ya mtu huyu ilizoea kufanya nini, na swali hilo analikalia kimya hadi chai inapoa. Kisha anaandika neno moja juu ya ukurasa: utingo.

Anayeijua barabara ya Lusahunga hadi Rusumo anamjua utingo. Dereva akishuka kufuata mihuri, utingo hubaki na gari. Huzunguka na kipande cha nondo, akigonga tairi moja baada ya jingine, kichwa kimeinama upande. Tairi lililojaa hurudisha chuma kwa mlio mkavu. Lililopungua upepo hulimeza pigo. Kwenye matairi pacha ya nyuma lile la ndani halionekani vizuri, kwa hiyo hapo sikio ndilo linalotegemewa. Akimaliza huvuta kamba za turubai, huangalia lakiri kama haijaguswa, huinama kutazama chini ya tela. Karani ameitazama kazi hii miaka mingi kupitia dirisha la ofisi, na sasa anaihamisha yote. Merikebu ya angani katika mchezo ni ya mbao. Utingo wake ataizunguka na kipande cha chuma, atagonga ubao mmoja mmoja, na atausikia ufa kabla haujaonekana.

Hapo ndipo sheria za mchezo zinapoanza kumbana. Kwa sheria za mwaka 2014 anazozifuata, asili hutoa stadi mbili tu. Hutoa zana au lugha, jumla mbili. Hutoa mizigo ya kuanzia na upendeleo mmoja. Ameandika stadi nne pembeni na anazipunguza bila haraka. Elimu ya historia inafutwa: utingo hakuipata. Ushawishi unafutwa: hiyo ni kazi ya dereva. Zinabaki utambuzi, kwa ajili ya sikio, na nguvu za viungo, kwa ajili ya kamba. Kwenye zana anaweka za useremala. Nafasi ya pili karibu aipe zana za kuongozea chombo, kisha anasita. Utingo haongozi chombo. Anachokuwa nacho utingo wa mpakani ni lugha. Mhangaza wa Ngara husikilizana na Mnyarwanda wa ng'ambo na Mrundi wa upande wa pili, na mambo mengi hapa huisha kwa sababu mtu alimwelewa mwenzake. Anaandika: lugha moja ya ng'ambo. Naiona hiyo kuwa ndiyo hatua bora ya jioni nzima, na haikumgharimu zaidi ya maneno manne.

Mizigo ni kipande cha chuma, kamba ya futi 50, turubai lenye viraka, na ramani. Ramani ndiyo iliyomchukua muda, maana aliitaka iwe na msingi wa kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta eksirei zitokazo angani. Mionzi hiyo huzuiwa na angahewa, haifiki ardhini, kwa hiyo hapakuwa na namna ila kupanda juu yake. Uhuru ilijizungusha polepole mno, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia anga ukanda baada ya ukanda. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Karani anachora nukta 339. Anazitia kwa ncha ya penseli, kumi kumi, na kila mia ikitimia anaweka alama pembeni. Hakuna mchezaji atakayezihesabu. Nukta moja anaikoleza zaidi: Cygnus X-1, mahali ambapo wanaastronomia leo wanatambua shimo jeusi likila nyota iliyo jirani yake. Chini ya ramani anaandika kwamba aliyeichora aliona mianga isiyoonekana kwa macho, na kwamba utingo aliachiwa na nahodha wake wa kwanza. Ramani imekuwa mzigo na deni kwa pamoja.

Kasoro ya mhusika inaandikwa na kufutwa mpaka karatasi inapauka. Mlevi, hapana. Mwoga, hapana, mwoga humwachia kazi mchezaji wa pembeni. Mwishowe: haamini fundo lililofungwa na mtu mwingine, atalifungua alifunge upya. Sentensi hiyo fupi itawachelewesha wenzake kila watakapotaka kukimbia.

Jaribio ni mezani. Merikebu inatikisika, hakuna ajuaye kwa nini. Mchezaji anasema anachukua chuma chake na kuanza kugonga mbao za tumboni. Karani anagonga meza kwa kidole, mara nne, polepole, akimpa nafasi ya kusikiliza. Dadu inatua 11. Stadi inaongeza 2, busara inaongeza 2, jumla 15. Ufa ulihitaji 15.

"Kaka, nausikia," anasema mchezaji. "Wa tatu kutoka mkiani."

"Umesikia vizuri, dogo."

Palipopwaya ni kwenye upendeleo. Uliandikwa kwamba utingo hupata malazi na habari kwenye chombo chochote, na mchezaji akautumia kupanda merikebu ya maadui katikati ya safari na kuelezwa siri zao zote. Karani alimruhusu usiku ule, kwa kuwa maandishi yalimruhusu. Wenzake walipoondoka alichukua kile kifutio chenye ukingo mkali, akafuta maneno mawili, akaandika upya: kwenye chombo kilichotia nanga, kwa utingo atakayeshika zamu ya usiku. Sasa habari itapatikana kwa kufanya kazi, na kila bandari itakuwa na usiku wake wa kusimulia.