Mlango wa paneli huamuliwa kabla ruta haijawashwa

Ukitaka kujua fundi seremala anaimudu ruta kiasi gani, kague mlango wa paneli uliotoka mkononi mwake. Je, pembe za mbao ni nzima au zimechanika? Mfereji unaoshika paneli umenyooka au una mawimbi? Kingo zina weusi wa kuungua? Kasoro hizi hulaumiwa mashine au biti. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo chake kilikuwapo kabla umeme haujaingia kwenye mota: biti iliyofungwa vibaya, kina kikubwa mno, kasi isiyolingana na biti, au upande usiofaa wa kuanzia. Maamuzi hayohayo ndiyo yanayolinda vidole. Tuyapime kwa mlango mmoja wa nyumba ya kawaida ya Morogoro, wenye fremu ya unene wa milimita 40.

Mbao kwanza

Kila mbao inataka mpangilio wake. Mtiki wa shamba la Mtibwa, wilayani Mvomero, hautaabiki sana unyevu ukibadilika, lakini una chembechembe za silika zinazoua makali haraka, kwa hiyo unadai biti yenye ncha za kabaidi. Mkongo ni mgumu na mzito, na unadai mipito ya kina kidogo. Mninga hukatika vizuri, ila vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua. Msindano wa Sao Hill ni laini, lakini nyuzi zake huacha manyoya biti ikiwa butu, na utomvu wake huganda kwenye makali.

Misitu ya asili ya Milima ya Uluguru haimo kwenye hesabu ya mbao. Imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na maji yake yanalisha Mto Ruvu ambao Dar es Salaam inautegemea. Mbao halali ina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na karatasi zake, na fundi makini huziomba kabla ya kulipa.

Kufunga biti

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa sababu swichi huguswa bila kukusudia. Futa vumbi ndani ya koleti, yaani kishikio cha shina la biti, ingiza shina la biti mpaka likome, kisha livute nje milimita 2 au 3. Nafasi hiyo ina kazi: shina lililogota chini huzuia koleti kubana sawasawa, na likipata joto linaweza kulegea. Angalau milimita 20 za shina zibaki ndani ya koleti. Fundi anayelitoa shina nje zaidi ili apate kina kirefu anaitegemea sehemu ndogo mno ya chuma kushika kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Biti fupi ya robo inchi haifanywi ndefu kwa kuivuta. Inanunuliwa ndefu, au kazi inafanywa kwa njia nyingine.

Kasi ni hesabu ya ukingo wa biti

Ruta nyingi hufika mizunguko 24,000 kwa dakika. Kwa biti ya kipenyo cha milimita 12, ukingo wa makali hukimbia mita 15 kwa sekunde, kama kilomita 54 kwa saa. Weka biti ya milimita 80, zile za kunyanyua paneli (kupunguza kingo zake), bila kugusa kidhibiti kasi: ukingo sasa unakimbia mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Mashine ni ileile na sauti inakaribiana, lakini nguvu inayotaka kuirarua biti na kuipokonya mashine mikononi imeongezeka mno. Biti ndogo zinaweza kufanya kazi kwa kasi ya juu. Za milimita 50 zishushwe hadi karibu 16,000 au chini yake. Zile kubwa za paneli zishushwe hadi 10,000 au 12,000, na zisitumike mkononi kabisa. Mahali pake ni kwenye meza ya ruta, mashine ikiwa imefungwa chini na ubao ukisukumwa dhidi ya kizuizi. Asiye na meza anyanyue paneli kwa randa ya mkono. Itachukua muda zaidi, na mteja hataona tofauti.

Mfereji wa paneli

Mfereji wetu una upana wa milimita 12 na kina cha 15. Kwenye msindano utakatwa kwa mipito mitatu ya milimita 5. Kwenye mkongo, mipito mitano ya milimita 3. Kuulazimisha kwa mpito mmoja huichosha mota, huiunguza mbao na kuipindisha biti, ndipo mfereji unapotoka na mawimbi.

Ukingo wa milimita 40 ni mwembamba kwa bamba la ruta, nayo itayumba. Bana mbao mbili za fremu pamoja kwa klampu, nyuso zao zikiwa sawa, ili mashine ipate sakafu pana. Kizuizi cha pembeni kitembee kwenye ubao ulio karibu nawe. Halafu jaribu kwenye kipande cha mbao ileile, si kipande chochote kilichookotwa chini, kwa maana msindano hautakuambia mkongo utafanya nini.

Upande wa kwenda

Hapa ndipo ajali nyingi huzaliwa. Ukiitazama ruta ya mkononi kwa juu, biti huzunguka kama mishale ya saa. Ukiwa umesimama mbele ya ukingo wa ubao, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Makali yatasukumana na mbao, nawe utahisi upinzani. Upinzani huo ndio udhibiti wako. Ukienda kinyume, makali yanaivuta ruta mbele kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuishika. Ukizunguka nje ya ubao, nenda kinyume na saa. Ndani ya fremu, nenda na saa. Mwelekeo huo pia huvuta kizuizi kibane ukingo, na mfereji unabaki umenyooka.

Unapopitisha ruta kwenye kingo za paneli, anza na vichwa vya ubao, ambako nyuzi zimekatwa. Ndiko kona huchanika mwishoni mwa mpito. Ukimaliza na pande ndefu, mpito wake huondoa mchaniko huo wenyewe.

Paneli iachiwe pumzi

Upande wa mashariki wa Uluguru hupokea upepo wa Bahari ya Hindi na mvua nyingi, wakati mji wa Morogoro, ulioko chini ya kilele cha Lupanga, hukauka sana kiangazi. Paneli iliyofungwa kavu itavimba masika ikifika. Kata paneli iingie milimita 12 tu katika mfereji wa 15, ibaki milimita 3 kila upande, na usitie gundi kwenye mfereji. Gundi ni ya ndimi na matundu ya fremu. Paneli iliyogundishwa itapasuka, na mteja atalaumu mbao.

Umeme, vumbi na mwili

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe plagi mara moja. Ruta iliyosahaulika benchini ikiwa imewashwa itaamka yenyewe umeme ukirudi, na hakuna mkono unaoishika. Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea hupunguza volti, mota inachemka. Waya ubaki nyuma yako, na ubao ubanwe usitikisike. Vaa miwani ya kinga, kinga ya masikio na viatu vilivyofungwa badala ya kandambili. Acha glovu na mikono mipana ya shati mbali na biti.

Vumbi halidhuru leo pekee. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ndiyo sababu ya kuvaa barakoa na kufyonza vumbi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga, na karakana yenye mafundi wawili ni mahali pa kazi pia.

Ninachopendekeza kwa mwenye karakana ni kubadili hesabu ya bei. Akipanga bei ya mlango aweke ndani muda wa kufunga biti, kujaribu na kurudia mipito, kwa sababu kulipa kwa idadi ya milango tu ndiko kunakomsukuma fundi kukata kina chote kwa mara moja. Na mwanagenzi afunge biti mwenyewe, ataje kina, kasi na upande wa kwenda kwa sauti, na mkubwa wake akague kabla plagi haijachomekwa.