Kamera ya Mwenyeji wa Goma

Kwa miaka mingi dunia iliijua Kivu, mashariki mwa Kongo, kupitia picha za watu wa kuja na kuondoka. Wengine walihatarisha maisha yao, na kazi yao ina thamani. Lakini mkazi wa Goma angezitazama na kuuliza: soko la Virunga liko wapi? Na harusi? Na vijana wanaoteremka na chukudu, zile skuta za mbao, zilizosheheni makaa?

Pamela Tulizo, mpigapicha mzaliwa wa Goma, alijibu kwa kioo. Katika mfululizo wake *Double Identity* anamweka mwanamke wa Kivu mbele ya kioo: huku ni yule ambaye habari za vita zimetuzoesha kumwona, kule ni yeye yuleyule, amependeza na kujiamini. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya Dior ya wapigapicha chipukizi mwaka 2020.

Mwaka huohuo Uviko-19 ilifunga mipaka. Mpigapicha wa kigeni Finbarr O'Reilly, mshindi wa tuzo ya Carmignac ya picha za habari, hakuweza kuendelea peke yake na mradi wake wa Kongo, hivyo ukawa wa ushirika na wapigapicha Wakongo, wakiwamo Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Raissa Karama Rwizibuka. Kumbe kazi ilikuwa na wenyewe.

Na ni kazi ngumu. Mawe ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ni meusi, jua la mchana ni kali, na uso wa mtu mweusi mbele ya anga jeupe huzama gizani usipopimiwa mwanga wake. Hilo hufundishika. Kuaminiwa ndiko kusikofundishika. Mwenyeji humsalimu mama kwa Kiswahili cha palepale, humngoja awashe makaa yake, ndipo aombe ruhusa. Akikataliwa, kamera hubaki begani. Aliyebakwa haonyeshwi uso. Kesho mpigapicha atakutana tena njiani na aliowapiga picha, na ataulizwa habari ya picha zao.

Nyiragongo ulipolipuka Mei 22, 2021, na waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, mpigapicha mwenyeji alikuwa na kamera mkononi na jamaa wa kuwatafutia usalama. Wala hakuwa na kwao kwingine kwa kurudi.

Wahariri wa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko mnaochapisha habari za Kivu, watafuteni wapigapicha hawa wenyeji kwanza. Walipeni sawa na mgeni, na majina yao yaandikeni chini ya picha.